Shilingi Mbili za Mama Mmoja: Kwa Nini Mwanafunzi wa Kiswahili Aijue Bei ya Shilingi

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Aghalabu methali hii huelekezewa wachuuzi na wenye maduka. Katika makala haya ninakusudia kuielekeza kwetu sisi, wanafunzi na walimu wa Kiswahili, kwa kuwa nina yakini kwamba ipo mali yetu moja inayopotea mchana kweupe kwa kukosa daftari. Mali hiyo ni maana. Kila tusomapo riwaya, tamthilia au hadithi fupi iliyotungwa ng'ambo ya mpaka wa Namanga au Horohoro, tukakutana na neno "shilingi", tunadhani tumeelewa. Neno ni letu, tunalitumia kila uchao, mfukoni tunalo. Kumbe shilingi tunayoisoma siyo shilingi tunayoijua, na pengine hata haikuwa ile ambayo Mtanzania wa leo anaijua.

Dai langu ni hili: historia ya viwango vya ubadilishaji baina ya shilingi ya Kenya na shilingi ya Tanzania si mali ya wanauchumi peke yao. Ni sehemu ya elimu ya fasihi ya Kiswahili na ya historia ya lugha yenyewe, na kuipuuza kunatufanya tusome vibaya na, baya zaidi, tuwadharau jirani zetu bila sababu. Kabla sijalitetea dai hili, naomba nisimulie jinsi nilivyojikwaa nikaamka.

Mwishoni mwa Januari 2024 nilisafiri kwa basi kutoka Nairobi kwenda Dar es Salaam kutafuta vitabu vya utafiti wangu wa shahada ya uzamili. Riwaya ninazozishughulikia zilichapishwa miaka ya 1970 na 1980, na nakala zake hapa kwetu ni adimu kama maziwa ya kuku. Nilikuwa nimeweka akiba ya shilingi 20,000 kutokana na vibarua vya kufundisha. Katika daftari langu nilikuwa nimepiga hesabu kwa shilingi 20 za Tanzania kwa kila moja ya Kenya, kwa sababu hicho ndicho kiwango nilichokisikia tangu nianze kuelewa mambo. Nilitarajia shilingi 400,000, na orodha ya vitabu niliipanga kulingana na kiasi hicho.

Pale Namanga kijana mwenye bunda la noti aliniambia, "Kumi na tano, kaka." Nikadhani ananipunja. Nikamwendea wa pili, akaniambia kumi na tano. Wa tatu hali kadhalika. Hawakuwa wakinihadaa. Siku hizo dola moja ya Marekani ilikuwa ikinunuliwa kwa takriban shilingi 160 jijini Nairobi, kiwango ambacho shilingi yetu haikuwahi kushuka hadi hapo awali. Nikavuka mpaka na shilingi 300,000. Laki moja ilikuwa imeyeyuka kabla sijanunua hata gazeti.

Dar es Salaam nilimkuta mzee mmoja auzaye vitabu vikuukuu kando ya barabara. Nikamwamkia, "Shikamoo, mzee." Akaitikia, "Marahaba, mwanangu. Umetoka Kenya, eti?" Lafudhi ilikuwa imeniuza. Nilichagua vitabu, nikajumlisha bei, nikaanza kuvirudisha kimoja kimoja. Alinitazama kwa muda, kisha akacheka bila ubaya: "Leo hela zetu za madafu zimekushinda, mwanangu?" Nikacheka naye, lakini kicheko changu kilikuwa cha uchungu. Miongoni mwa vitabu nilivyoviacha ni riwaya moja niliyoihitaji kuliko nyingine zote. Mwezi Julai mwaka huo huo, shilingi ya Kenya ilikuwa imerejea kwenye takriban 20 za Tanzania. Nilimtuma rafiki akanitafutie, akakuta imekwisha kununuliwa.

Ndani ya basi la kurudi nilijiuliza: mimi niliyezisoma riwaya za Tanzania kwa miaka sita, mbona sijui ile ishirini ilitoka wapi? Nilikuwa nimeichukulia kama mto au mlima, kitu kilichokuwapo tangu na tangu. Kumbe ni kitu chenye tarehe.

Maneno yenyewe ni kumbukumbu

Tuanze na kilicho karibu nasi, yaani maneno. Mwanaisimu akiyatazama majina ya pesa katika Kiswahili, anaiona historia yote ya ubadilishaji wa fedha katika pwani ya Afrika Mashariki. Fedha ni neno la Kiarabu la madini yale meupe, kwa maana thamani ya sarafu ilikuwa madini yake. Riale ilikuwa sarafu kubwa ya fedha iliyoletwa na biashara ya baharini. Rupia na pesa zilitoka Bara Hindi. Sultani Barghash wa Zanzibar alipotengenezesha sarafu zake mnamo 1882, na Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki ilipotoa zake zenye jina la Mombasa mnamo 1888, zote zilifuata njia ambayo tayari ilikuwa imelimwa na maneno haya.

Tazama sasa neno hela. Wajerumani walipoitawala Tanganyika, rupia yao iligawanywa kwanza katika pesa 64. Kuanzia 1904 iligawanywa katika heller 100. Mjerumani aliondoka, sarafu yake ikafa, lakini neno likabaki vinywani mwa watu likawa jina la pesa zote. Ndiyo sababu hadi leo Mtanzania husema "hela" pale ambapo Mkenya husema "pesa", ingawa mipaka hii ya msamiati inazidi kufifia. Au tazama thumuni, ambalo kwa asili ya Kiarabu ni sehemu moja ya nane. Wazee wetu wa pwani waliita senti 50 thumuni ilhali senti 50 ni nusu ya shilingi. Hesabu ya kale ilikwisha, jina likaendelea kuishi.

Kwa hiyo, mwanafunzi asemaye kwamba ubadilishaji wa fedha haumhusu, anautamka ubadilishaji huo kila anapoomba chenji.

Shilingi moja

Shilingi yenyewe iliingia kwa kishindo. Kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, rupia 15 zilikuwa sawa na pauni moja ya Uingereza. Baada ya vita bei ya madini ya fedha ilipanda, na rupia ikapanda nayo. Mnamo 1920 serikali ya kikoloni iliamua rupia ihesabiwe kuwa shilingi mbili za Kiingereza, yaani rupia 10 kwa pauni. Ikaletwa florini kwa muda mfupi, na mnamo 1921 ikaletwa shilingi ya Afrika Mashariki, 20 kwa pauni, chini ya Bodi ya Sarafu iliyoundwa 1919 na kuketi London.

Mabadiliko haya hayakuwa ya makarani tu. Katikati ya mkanganyiko wa sarafu na mdororo wa biashara, walowezi waliazimia mwaka 1921 kupunguza ujira wa Mwafrika kwa thuluthi moja. Harry Thuku na wenzake wakapaza sauti. Thuku alipokamatwa Machi 1922, watu waliokusanyika mbele ya kituo cha polisi Nairobi walipigwa risasi. Anayeisoma fasihi ya ukombozi wa Kenya bila kujua kwamba mojawapo ya cheche zake ilikuwa kupunguzwa kwa ujira katika msimu wa kubadilishwa kwa sarafu, amesoma nusu.

Zanzibar iliendelea na rupia yake hadi 1936, ilipojiunga na shilingi kwa kiwango cha shilingi moja na nusu kwa rupia. Kutoka hapo Mombasa, Kampala, Dar es Salaam na Unguja zilitumia sarafu moja. Riwaya ya Adam Shafi, *Kuli*, iliyochapishwa 1979, inahusu maisha ya wafanyakazi wa bandarini na mgomo wa Zanzibar wa 1948. Shilingi ya enzi hiyo ni shilingi ambayo 20 zake zilikuwa pauni nzima. Mwanafunzi wa Kenya anayeisoma leo huku akifikiria shilingi isiyonunua hata peremende, atashangaa watu wanagomea nini. Atawaona makuli kama watu wa vijisenti, ilhali walikuwa wakidai mkate wao.

Uhuru ulipokuja, bodi ile ya kikoloni haikuweza kudumu. Mwaka 1966 kila nchi ilifungua benki kuu yake na kutoa shilingi yake. Shilingi zikawa tatu, lakini kama watoto wa mama mmoja, zilizaliwa na uzito mmoja: dola moja ya Marekani ilikuwa shilingi 7 na senti 14 hivi, iwe Nairobi, Kampala au Dar es Salaam. Mkataba uliotiwa saini Kampala tarehe 6 Juni 1967 ulitaka shilingi hizi zibadilishwe sawa kwa sawa. Na Uingereza iliposhusha thamani ya pauni Novemba 1967, nchi zote tatu zilikataa kuifuata. Pauni ikawa shilingi 17 na senti 14 badala ya 20. Kwa kipindi hicho kifupi, shilingi ya Mswahili ilisimama imara pale shilingi ya mkoloni ilipoteleza, na ilisimama ikiwa pamoja.

Kutengana

Walitengana lini? Wengi tunadhani ni zamani sana. Ukweli ni kwamba kwa hesabu rasmi, mwaka 1985 dola ilikuwa takriban shilingi 16 za Kenya na takriban 17 za Tanzania. Yaani hadi mwaka ambao Mwalimu Nyerere alistaafu urais, vitabu vya benki kuu vilisema kwamba shilingi mbili hizi bado ni karibu sawa.

Lakini vitabu vya benki na barabara ni vitu viwili. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika 1977, Tanzania ikafunga mpaka wake na Kenya mwaka huo huo, na mpaka haukufunguliwa hadi 1983. Bei ya mafuta ilikuwa imepanda, kahawa ilishuka, na vita vya Kagera vya 1978 na 1979 viliikausha hazina ya Tanzania. Fedha za kigeni zikawa adimu, maduka yakawa matupu. Mwalimu alikataa masharti ya Shirika la Fedha la Kimataifa, likiwemo la kuishusha sana thamani ya shilingi. Kwake hilo halikuwa jambo la hesabu tu bali la uhuru wa nchi kujiamulia. Shilingi ilipunguzwa kidogo kidogo, ilhali mtaani dola ilinunuliwa kwa mara kadhaa ya bei rasmi.

Hapo ndipo lilipozaliwa tabaka zima la msamiati ambao tunakutana nao katika fasihi ya miaka hiyo: ulanguzi, magendo, wahujumu uchumi. Kampeni ya mwaka 1983 iliyoongozwa na Waziri Mkuu Edward Sokoine dhidi ya wahujumu uchumi haiwezi kueleweka bila kujua kwamba shilingi ilikuwa na bei mbili, ya serikali na ya kichochoroni. Sisi watu wa lugha tungepaswa kuielewa hali hiyo upesi kuliko wengine. Tunajua kuishi na Kiswahili sanifu ofisini na Kiswahili cha mtaani njiani, na tunajua kwamba anayesikiliza kimoja tu hajui watu wanasema nini.

Mwaka 1986, chini ya Rais Ali Hassan Mwinyi, ukuta ulibomoka. Katika miezi michache dola ilitoka takriban shilingi 17 hadi 40. Mfumuko wa bei nao ulikuwa takriban asilimia 30 kwa mwaka. Kufikia 1990 shilingi moja ya Kenya ilikuwa zaidi ya 8 za Tanzania. Kisha zamu ikawa yetu. Misaada ilisitishwa mwishoni mwa 1991, noti zikamwagika wakati wa uchaguzi wa vyama vingi wa Desemba 1992, kashfa ya Goldenberg ikaikomba hazina. Mwaka 1993 mfumuko wa bei Kenya ulizidi asilimia 40, na shilingi yetu ikarudi hadi takriban 7 za Tanzania. Baada ya hapo ngazi ikapandwa tena: takriban 11 mwaka 1995, 15 mwaka 2005, 18 mwaka 2010, 20 mwaka 2015, 21 na nusu mwaka 2020. Kisha Januari 2024 takriban 16 kwa bei ya benki, na mimi nipo Namanga nikipewa 15.

Hii ndiyo "ishirini" niliyoidhania kuwa mlima. Ni wastani wa miaka michache tu katika historia ya karne nzima.

Tunavyosoma vibaya

Sasa turejee darasani. Chukua sentensi ambayo mwandishi yeyote wa Tanzania angeweza kuiandika: "Alilipwa shilingi 200 kwa mwezi." Ikiwa hadithi inatukia 1948, mhusika huyu anapata pauni 10. Ikiwa ni 1970, anapata dola 28, na jirani yake wa Kenya mwenye shilingi 200 anapata dola zizo hizo. Ikiwa ni 1985, kwa bei rasmi anapata dola zipatazo 12, na kwa bei ya mtaani kidogo sana kuliko hizo. Ikiwa ni 1995, shilingi 200 za Tanzania ni senti 35 za dola, ilhali za Kenya ni karibu dola 4. Ikiwa ni 2010, ni senti 14 za dola kule na dola 2 na nusu hapa. Sentensi ni moja, herufi hazijabadilika, lakini mhusika amekuwa mtu mwenye heshima zake, kisha maskini, kisha kichekesho.

Mhakiki anayejadili utabaka katika riwaya bila kuijua bei ya shilingi ya mwaka husika anajenga juu ya mchanga. Nimewahi kuisikia semina nzima ikibishana iwapo mhusika fulani wa riwaya ya miaka ya 1970 alikuwa "fukara" au la, na kila mmoja wetu alikuwa akipima mshahara wake kwa bei ya chapati ya kantini ya chuo. Hatukuwa tukimhakiki mwandishi. Tulikuwa tukijihakiki sisi wenyewe.

Hata katika vitabu vyetu wenyewe tumelipita jambo hili. Aliyeisoma *Siku Njema* ya marehemu Ken Walibora, iliyotoka 1996, anakumbuka kwamba Kongowea Mswahili anatoka Tanga na kuingia Kenya. Tumeulizwa katika mitihani kuhusu safari, ukoo, utambulisho na bahati. Mimi sikumbuki kuulizwa hata mara moja kwamba kijana anayevuka mpaka ule anavuka na fedha gani, na zinageuka kuwa nini akifika upande wa pili. Mtu akivuka mpaka, mfuko wake huongezeka au hupungua kabla hajapiga hatua ya pili. Hilo ni tukio la kifasihi kama lilivyo la kibenki.

Isitoshe, kuna madhara ya kimaadili. Sisi Wakenya tumezoea kuitania shilingi ya Tanzania. Noti ya 1,000, ambayo Watanzania huiita buku, kwa kiwango cha 20 ni sawa na shilingi 50 za kwetu, na wengi wetu tukifika kule hujiona matajiri kwa siku mbili tatu. Msemo "hela za madafu" wameubuni wenyewe, na kujicheka mwenyewe ni haki ya mwenye nyumba. Mgeni akiuokota na kuurusha, unageuka kuwa tusi. Zaidi ya hayo, dharau hii imesimama juu ya ujinga. Kiwango cha ubadilishaji hakipimi ukubwa wa uchumi wala akili za watu. Kinaeleza tu vipande vingapi vya sarafu moja vinapatikana kwa kipande kimoja cha nyingine. Yeni ya Japani ni ndogo kuliko shilingi ya Kenya, na hakuna aliyewahi kutuambia kwamba Japani ni maskini kutuliko. Kinachosema zaidi kuhusu afya ya sarafu ni mwendo wake, na kwa mwendo wa miaka ya 2022 na 2023, ni yetu iliyokuwa ikiteremka kwa kasi kuliko yao.

Dharau hii ya pesa, nahofia, huvuka hadi kwenye vitabu. Mara ngapi tumesikia ikisemwa kwamba kitabu cha Tanzania ni "rahisi", karatasi yake ni duni, kwa hiyo hata kilichomo si kizito? Ikumbukwe kwamba kuvunjika kwa Jumuiya kuliigusa hata taasisi ya vitabu. Shirika la pamoja la uchapishaji lililoanzishwa 1948, East African Literature Bureau, lilisambaratika pamoja na Jumuiya, na tawi lake la hapa ndilo lililokuwa Kenya Literature Bureau. Vizazi vya wasomaji vilikua vikiwa na maktaba mbili za lugha moja, sawasawa na shilingi mbili za mama mmoja.

Pingamizi

Ninajua watakaonipinga. Wapo watakaosema kwamba fasihi ni ubunifu, kwamba shilingi ya riwayani si shilingi ya benki, na kwamba nikiendelea hivi nitaigeuza Idara ya Kiswahili kuwa duka la kubadilishia fedha. Pingamizi hili lina uzito wake. Kweli, hakuna anayesoma riwaya ili ajue bei ya sukari. Lakini mwandishi anapochagua kuandika tarakimu, amechagua. Angeweza kusema "alilipwa kidogo". Akiandika 200 na si 2,000, ametumia nyenzo ya usanii, na msomaji wake wa kwanza aliielewa bila kuelezwa. Kazi ya mhakiki ni kumkaribisha msomaji wa sasa kwenye ule uelewa wa kwanza. Tunafafanua msamiati wa utenzi wa karne ya kumi na nane bila kuona haya. Kwa nini tuone haya kufafanua shilingi ya mwaka 1974?

Wengine watasema kwamba suala hili litajifia lenyewe, maadamu Jumuiya iliyofufuliwa inakusudia sarafu moja. Itifaki ya umoja wa fedha ilitiwa saini Kampala Novemba 2013, na lengo lilikuwa sarafu hiyo iwepo kufikia 2024. Mwaka 2024 ulipita, na sote tulivuka mipaka tukiwa na noti zetu zilezile. Hata sarafu hiyo ikija kesho, riwaya zilizokwisha kuandikwa hazitabadilisha tarakimu zake. Haja ya daftari itakuwa kubwa zaidi, kwa kuwa watakaosoma hawatakuwa wameigusa hata moja ya shilingi hizi.

Tufanye nini?

Nionavyo mimi, kuna mambo matatu yaliyo ndani ya uwezo wetu. Kwanza, wahariri na walimu wanaotayarisha miongozo ya vitabu teule waongeze aya moja ya fedha: hadithi inatukia mwaka gani, shilingi ya wakati huo ilikuwa na bei gani, na ilinunua nini. Aya moja tu.

Pili, chama chetu kianzishe daftari la shilingi. Viwango vya kila mwaka vinapatikana katika taarifa za benki kuu zote mbili. Kila mwanafunzi anayeandika tasnifu kuhusu riwaya akichangia bei alizozikuta katika riwaya yake, pamoja na mwaka, baada ya muda mfupi tutakuwa na hazina ambayo hata wanahistoria watatuomba. Haba na haba hujaza kibaba. Sambamba na hilo tukusanye majina: thumuni, ndururu na mbao za kwetu, jero, buku na msimbazi za kwao, kabla hayajaenda njia ya riale.

Tatu, na hili ni la nafsi zaidi kuliko la idara, tuache kuitumia bei ya shilingi kama kipimo cha utu. Zilizaliwa pamoja, zikasimama sawa kwa miaka mingi kuliko tunavyokumbuka, na kila moja imewahi kuanguka mbele ya mwenzake.

Ile riwaya niliyoiacha kwa yule mzee sijaipata hadi leo. Sura ya tatu ya tasnifu yangu inaisubiri. Ninaendelea na nakala iliyorudufiwa, yenye kurasa mbili zisizosomeka. Wakati mwingine nikivuka Namanga nitauliza bei kabla ya kupanga orodha, na nikimkuta mzee wangu pale kando ya barabara nitamwambia kwamba hela za madafu zilinifundisha somo ambalo semina hazikunifundisha. Naye, kwa jinsi ninavyomkumbuka, atacheka kwanza, kisha aniulize nimekuja na ngapi.